Mawaridi ya Bridgie

Asubuhi ile tulikula mkate na bekoni kama siku zote, kisha baba akanitupia msasa.

"Shule umeacha, mikono hujaacha," akasema.

Tulikuwa tunalifufua karavani kuukuu la kuishi, lenye magurudumu, alilolinunua kwa mkulima mmoja nje ya mji wa Tuam, ambaye alikuwa akifugia kuku ndani yake. Dada yangu Noreen alikuwa aolewe mwezi wa sita, na hilo ndilo lingekuwa nyumba yake. Baba alishang'oa komeo bovu la mlango. Mimi nikashika ukuta wa juu ya kitanda.

Rangi nyeupe ikatoka. Chini yake, kijani. Chini ya kijani, mawaridi mekundu yaliyochorwa kwa mkono. Nikayagusa. Kidole kikatoka chekundu.

Rangi ilikuwa mbichi.

Nikamwita bibi. Alipoyaona alikiweka kikombe chake cha chai sakafuni, taratibu.

"Aliyachora Bridgie," akanong'ona. "Akiwa na mimba."

Bridgie alikuwa mke wa baba mdogo Simey. Alikufa na mtoto wake tumboni kabla sijazaliwa. Kwetu Wasafiri, jamii ya Ireland inayohamahama, mtu akishazikwa karavani lake huchomwa na vyombo vyake vyote, asiwe na kitu cha kumrudisha. Simey aliomba akalichome peke yake, tusimwone akilia. Watu waliuona moshi. Miaka yote hiyo tulimpa kiti cha karibu na moto na kipande kikubwa cha nyama, mjane wa watu!

Alipokuja mchana, bibi alimngoja nje.

"Ulichoma nini, Simey?"

Akatazama karavani. Akacheka.

"Matairi, mama. Karavani zuri vile nilitie kiberiti? Mkulima alinipa farasi. Bridgie amelala zake huko, hana habari."

Nilitamani kumtemea mate.

Noreen alikuwa ndani ya karavani, anapima mapazia. Mlango ukajifunga.

"Acheni utani!" akapiga kelele. "Fungueni! Kuna moshi humu!"

Hapakuwa na moshi. Baba akavuta mlango. Haukutikisika. Mlango usio na komeo! Noreen akakohoa. Akakohoa tena. Kisha kimya.

Bibi akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango.

"Bridgie, mwanangu. Huyo hakukukosea. Mwenye deni lako yuko hapa nje."

Mlango ukafunguka wenyewe. Noreen akaanguka mikononi mwa baba, anahema, midomo myeusi kwa masizi.

Bibi akamkabidhi Simey kiberiti.

"Mama, ni upepo tu..."

"Washa."

Akawasha. Hakuna aliyeondoka mpaka vikabaki vyuma tupu. Noreen alilia kwa ajili ya nyumba yake, lakini alilia akiwa hai.

Kesho yake Simey alikuja mlangoni kwetu.

"Njoo uone, mwanangu. Uje na msasa."

Nikaenda. Katika karavani lake jipya, juu ya kitanda, mawaridi mekundu. Yalikuwa yanachuruzika.

"Kwangua, tafadhali. Wewe unajua kazi hii."

"Baba mdogo," nikamwambia, "kwangua mwenyewe."

Anakwangua mpaka leo. Ukuta ule umekonda hadi mwanga wa nje unapenya, na kila tabaka analolitoa lina mawaridi. Anaponawa kabla ya kula, maji yanatoka safi. Vidole vinabaki vyekundu.