Misumari Minane Iliyonyooka

Watu walimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma. Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, suruali na mashati katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukiwa wazi tangu asubuhi. Mshono wake haukufumuka ovyo. Hilo alilijua, na alihakikisha kila mtu analijua.

Aliishi na mkewe na mama mkwe wake. Mama mkwe alihamia kwao magoti yalipoanza kumsumbua. Alikuja na sanduku moja la nguo na sahani kumi na mbili nyeupe, zenye mstari wa buluu ukingoni. Alikuwa nazo tangu alipoolewa. Jikoni hapakuwa na kabati, kwa hiyo sahani zilikaa ndani ya beseni sakafuni. Kila alipotaka sahani, mama aliinama, akashika goti, akaguna polepole ili asisikike. Sindano alimsikia, maana ukuta kati ya jikoni na cherehani ulikuwa mwembamba kama yeye mwenyewe.

Siku moja wakiwa mezani, alimwambia mama mkwe kwamba atamtengenezea kabati kwa mikono yake. Mkewe alimtazama, akaendelea kula. Mama mkwe alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

Alinunua mbao. Alipokuwa akipita nazo begani, alimkuta jirani wa ng'ambo ya njia akipiga randa mlango. Jirani huyo alikuwa mwanamke seremala, na kila mtu alimwita Mama Randa. Alizitazama zile mbao, akamwuliza Sindano pembe za kabati ataziunga vipi.

"Misumari ipo, nyundo ipo," Sindano alijibu. "Kabati ni sanduku lenye mlango, Mama Randa. Usiligeuze chuo kikuu."

Wateja waliokuwa wakisubiri nguo zao walicheka. Mama Randa alicheka nao kidogo, akarudi kwenye randa yake.

Basi Sindano akaunda. Alikata mbao nne za fremu ya mbele. Alisimamisha kichwa cha ubao mmoja kwenye ubavu wa mwingine, akagongelea misumari miwili. Akafanya hivyo pembe zote nne. Misumari iliingia kirahisi, akaona hiyo ndiyo dalili ya ufundi. Alipomaliza kabati zima, alilisukuma kwa kidole. Likacheza. Akalisukuma tena, likacheza tena.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo asingemruhusu mwanafunzi wake yeyote wa ushonaji alifanye. Aliificha kasoro. Alichanganya gundi na vumbi la mbao, akaziba mianya ya pembe. Juu yake akapaka rangi ya kijani iliyobaki alipopaka madirisha yake. Lilipokauka, lilimetameta kweli kweli.

Mama mkwe alipanga sahani zake zote kumi na mbili. Kila mgeni aliyekuja alipelekwa jikoni kwanza. "Mkwe wangu huyo," alikuwa akisema. "Nguo anazijua, mbao anazijua." Wageni walimvika Sindano kilemba cha ukoka, naye akakivaa bila hata kukipima.

Siku ya kumi na nne, saa tisa alasiri, mama mkwe alivuta mlango wa kabati. Fremu ikalala upande. Pembe ziliachana moja baada ya nyingine, na kabati lote likaja chini.

Sindano aliruka kutoka kwenye cherehani. Alimkuta mama amesimama katikati ya vigae. Hakuumia, ila mguu mmoja ulikuwa na mkwaruzo mdogo. Sahani tisa zilikuwa zimevunjika.

"Ni mimi," mama alisema. "Nililijaza mno, tena nimelivuta kwa nguvu. Umehangaika hivi, nami nimekuharibia. Nisamehe, mwanangu."

Hapo Sindano angeweza kusema ukweli. Ulikuwa mdomoni kabisa. Lakini mkewe alikuwa amefika mlangoni, na nyuma ya mkewe wateja wawili, mmoja akiwa bado na suruali aliyokuwa akiijaribu, haina pindo.

"Basi, mama," Sindano alisema. "Yameisha. Usijali."

Alimsamehe! Yeye ndiye aliyemsamehe mama wa watu.

Tangu hapo Sindano hakuwa na raha. Mama mkwe alirudisha sahani tatu zilizobaki kwenye beseni. Aliinama tena, akaguna tena. Wageni walipouliza kabati liko wapi, alijibu akiwa ameangalia chini kwamba mikono yake mizito ndiyo iliyoliangusha. Kila neno lilipita ukutani na kumfikia Sindano. Alikanyaga cherehani kwa kasi ili asisikie, lakini alisikia. Aliona aibu mbele ya mama, akaona aibu mbele ya mkewe, na alipokuwa peke yake aliona aibu zaidi. Chakula kilimshinda. Maana kushindwa kuunda kabati hata mtu mzima anaweza kushindwa. Kumwachia mama mzee lawama ndiko kulikomkosesha usingizi.

Siku kumi na moja zilipita namna hiyo. Asubuhi ya kumi na mbili alifungua kopo la vifungo, atafute kifungo cheupe. Juu ya vifungo aliikuta misumari minane. Mkewe ndiye aliyefagia jikoni siku ile kabati lilipoanguka. Sindano aliimwaga kiganjani. Yote ilikuwa imenyooka. Hakuna hata mmoja uliopinda. Ilichomoka kwenye mbao kama pini inavyochomoka kwenye kitambaa.

Alijua mkewe anajua.

Alitia misumari mfukoni, akafunga kipande cha fremu ndani ya shati kuukuu, akavuka njia shingo upande. Mama Randa alikuwa akinoa patasi.

"Kuna rafiki yangu mmoja," Sindano alianza. "Aliunda kabati, likamvunjikia. Ananiuliza kosa liko wapi."

Mama Randa alifungua lile shati. Alikitazama kipande cha ubao, akageuza shingo kutazama madirisha ya Sindano ng'ambo ya njia, akakitazama tena.

"Rafiki yako anapenda kijani kama wewe," alisema.

Sindano hakuona pa kuuficha uso. Alikaa juu ya rundo la mbao. "Ni mimi, dada. Nifundishe."

Mama Randa hakumcheka. Alimwonyesha kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. "Mti una nyuzi, fundi, nazo zinakwenda kwa urefu. Msumari ukiugonga kichwani hapa, unapita katikati ya nyuzi. Haujashika kitu. Na gundi ukiipaka hapa, mti unainywa yote. Sasa nikuulize wewe. Vitambaa viwili ukivigusanisha ukingo kwa ukingo, utavishona vishike?"

"Haiwezekani. Lazima kimoja kilale juu ya kingine."

"Na mbao ni hivyo hivyo."

Sindano alikigusa kichwa cha ubao kwa kidole. Miaka ishirini alikuwa akilaza kitambaa juu ya kitambaa, na hakuwahi kuliwazia jambo hilo alipokuwa na nyundo mkononi.

Mama Randa alimpa chaguo. Alimwonyesha droo ambayo pembe zake ziliungwa kwa meno yaliyotanuka, yaliyoshikana kama vidole. Macho ya Sindano yaling'aa. Alisema atatengeneza kiungo hicho, ili kila mtu ajionee. Mama Randa aliifunga droo. Alimweleza kwamba kiungo kile kinataka mkono uliozoea miaka. Akikijaribu leo kitatoka na mianya, na mianya itamrudisha kwenye gundi na vumbi. Akamwonyesha cha pili: ubao mmoja umechongwa ulimi, mwingine umetobolewa tundu, ulimi ukaingia ndani. Hicho kina nguvu sana, alisema, na fremu za milango yake zote ni hivyo. Lakini kutoboa tundu lililonyooka nako ni kazi ya kujifunza taratibu.

"Wewe anza na hiki," alisema. Alichukua mbao mbili. Kila moja ilikuwa imepunguzwa nusu ya unene mwishoni. Alizilaza moja juu ya nyingine, zikakaa sawasawa kama ubao mmoja uliopinda kona. "Nusu kwa nusu. Ubavu umelalia ubavu, gundi ina mahali papana pa kushika. Unahitaji msumeno, patasi na subira. Subira unayo?"

"Nitaitafuta."

"Na mama mkwe wako, anajua?"

Sindano alitazama maranda sakafuni. Mama Randa aliinuka, akatoa kifurushi cha kitambaa kwenye rafu, akakiweka mapajani mwa Sindano. Kitambaa alikifahamu. Ndani mlikuwa na sahani tatu nyeupe zenye mstari wa buluu.

"Alikuja jana ulipokwenda kununua nyuzi," Mama Randa alisema. "Aliniomba nilitengeneze kabati lako, nizichukue hizi. Hakutaka ujue. Alisema amekuvunja moyo. Nilikataa, akaziacha akaondoka."

Sindano alitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe alikuwa amevuka njia kwa magoti yale yanayouma, na sahani zake za mwisho mkononi, kwenda kulipia kosa la mwingine.

Alizibeba mpaka nyumbani kwa mikono miwili. Mama mkwe alikuwa jikoni akichambua mchele, mkewe akiwasha jiko. Mama alipokiona kifurushi, uso ulimshuka. Alidhani amefumaniwa.

Sindano alikaa sakafuni. Aliweka sahani kando, akamimina misumari minane kwenye kiganja cha mama.

"Itazame, mama. Hakuna uliopinda. Haikuwa imeshika kitu. Kabati lile lingeanguka hata ungeweka kikombe kimoja. Nililisukuma likacheza, nikalipaka rangi ili usione. Wewe hukuvunja chochote. Ni mimi."

Mama aliigeuza misumari mmoja mmoja. Moto ulishika, mkewe akauacha.

"Na ukaniambia yameisha," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Siku kumi na mbili najilaumu. Nimeiogopa hata mikono yangu."

Mama alimrudishia misumari. "Nenda kashone. Leo sina jibu."

Alikwenda, na kweli hakupata jibu siku ile wala kesho yake. Lakini kila jioni kabla jua halijazama alivuka njia, akafanya mazoezi kwenye vipande vya mbao. Alijifunza kulaza ubao mmoja juu ya mwingine na kuchora upana wake kwa penseli, badala ya kukisia. Alijifunza kupima nusu ya unene, kisha kukata upande wa kutupwa, si juu ya mstari wenyewe. Kiungo cha kwanza kililegea. Cha pili kilipasuka. Cha tatu kilikaa juu kidogo, na Mama Randa akamwuliza kama ni kola. Cha saba kiliingia kwa kusukumwa na kiganja tu, hakikucheza.

Ndipo akachukua mbao mpya. Aliunda fremu ya mbele na ya nyuma. Alizijaribu kwanza bila gundi. Alitoa utepe wake wa kupimia nguo, akapima kutoka pembe hadi pembe kimshazari, akapima na upande wa pili. Vipimo vilipolingana, alijua fremu haijapinda. Akapaka gundi, akazibana na kuziacha hadi kesho yake. Kila pembe alitoboa tundu dogo, akatia skrubu mbili fupi. Kisha akaziunganisha fremu kwa plaiwudi ubavuni, na nyuma akafunga plaiwudi nzima, ili kabati lisilale upande tena, halafu akatia rafu na mlango.

Rangi alipaka, lakini si kwenye pembe za mbele. Aliziacha wazi, kiungo kionekane.

Alilipeleka jikoni akamwomba mama alisukume. Mama alisukuma kwa kidole. Akasukuma kwa mkono. Akaliegemea kwa bega, magoti na yote, na kabati halikuitika.

"Pembe hujazipaka," mama alisema.

"Nataka uzione, mama."

Mama alipitisha kidole juu ya kiungo, akatafuta kwa ukucha kama kuna mwanya. Halafu akapanga sahani zake tatu kwenye rafu ya kati, pale ambapo hakuna haja ya kuinama. Hakusema amemsamehe. Alisema, "Mlango huu nao utaukaza lini?" Sindano alikimbilia bisibisi.

Wiki iliyofuata alikuja mgeni, rafiki wa mama wa siku nyingi. Alipelekwa jikoni kama kawaida. Kutoka kwenye cherehani Sindano alimsikia akilisifu kabati, kisha akiuliza sahani nyingine ziko wapi, maana anakumbuka zilikuwa kumi na mbili.

Kabla mama hajajibu, Sindano aliondoa mguu kwenye pedali. Katika chumba chake walikuwamo wateja watatu, na mlango wa njiani ulikuwa wazi.

"Nilizivunja mimi," Sindano alisema kwa sauti ya kupita ukutani. "Niliunda kabati bovu. Njoo nikuonyeshe misumari yake."