Miwani ya Mama Concilie

Kila Jumamosi Orpha aliamka mapema, akachota maji, akafagia ua, kisha akamsaidia mama yake kuchambua ndagala, wale samaki wadogo waliowauza sokoni Cibitoke. Saa mbili alinawa mikono mara mbili ili asinuke samaki, akachukua daftari na kukimbilia ukumbi wa parokia. Hapo Masera Ernestine, mtawa aliyesoma Uhispania miaka sita, aliwafundisha watoto kumi na wawili Kihispania.

Orpha alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alipenda sana kuonekana anajua. Lakini somo la vionyeshi lilimshinda. Alizoea Kifaransa cha shuleni, ambacho kilimtosheleza kwa maneno mawili, la karibu na la mbali. Kihispania kilitaka matatu: *estas*, *esas*, *aquellas*. Alichanganyikiwa, akaona haya kuuliza. Siku ya jaribio alikaa ubavuni mwa Annick, rafiki yake, akanakili jibu baada ya jibu. Wote wawili walipata ishirini juu ya ishirini.

Jumamosi iliyofuata hawakusoma. Daktari Amparo, mtaalamu wa macho kutoka Uhispania, alikuwa amekuja kupima watu na kuwapa miwani. Masera alikwenda nje kupanga foleni. Annick akapewa kazi ya kuandika majina, na Orpha akawekwa mezani na daktari.

"Wewe ulipata alama zote," Masera alimwambia. "Daktari akikutajia miwani, mpe mgonjwa."

Kulikuwa na makasha matatu, kila moja na aina yake ya miwani: moja karibu na daktari, moja mbele ya Orpha, la tatu kule mlangoni. Asubuhi nzima daktari alionyesha kwa kidole, na Orpha akatii bila shida. Kisha ikafika zamu ya Mama Concilie, mjane jirani yao, fundi aliyeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa. Daktari alimpima, akamwandikia namba, halafu akainama kumtazama mtoto mwingine, kurunzi mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kope.

"*Esas, no aquellas*," alisema bila kuinua kichwa.

Orpha aliyatazama makasha yote matatu. *Esas* ni zipi? Angeweza kuuliza. Annick alikuwa hatua nne tu kutoka hapo. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na yeye ndiye mwenye alama ishirini. Akakisia. Akaenda mlangoni, akatafuta miwani yenye namba ile, akamvalisha Mama Concilie.

"Mbona naona ukungu, mutoto wangu?"

"Utazoea, mama," Orpha akajibu.

Kesho yake, baada ya misa, mama yake alimtuma kuchukua sare yake. Alimkuta Mama Concilie ameketi mbele ya cherehani, kitambaa cha buluu mapajani kimekatwa upande. Miwani ilikuwa sakafuni.

"Sare yako haikuisha, Orpha. Kichwa kinanipasuka. Hata miwani ya muzungu imeshindwa." Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Macho yangu yamekwisha. Kesho mupwa wangu wa Kinanira atakuja kuchukua cherehani. Mi sitashona tena."

Orpha alihisi uso unawaka. Alimtazama tu akijifuta. Aliaga kwa sauti ndogo, akatoka. Nyumbani hakula. Mama yake alipomsifu mbele ya wageni kwamba mtoto wake anasaidia madaktari, aliinuka na kwenda kujificha uani. Daktari, aliyefikia kwa watawa, angeondoka kesho asubuhi. Alikaa huko mpaka akashindwa kukaa, akavaa viatu na kwenda kwa watawa.

Masera Ernestine alimsikiliza hadi mwisho: miwani, "utazoea", daftari la Annick. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Orpha zaidi.

"Umeshamwambia Mama Concilie?"

"Apana, Masera. Naona haya."

"Basi tutakwenda wote. Ila utasema wewe."

Walimchukua daktari, wakaenda na kasha la miwani. Orpha alisimama mbele ya cherehani macho chini, akaeleza yote. Mama Concilie alikunja kile kitambaa cha buluu.

"Nililia hapa," alisema mwishowe. "Nililia mbele yako, na we ulinitazama tu."

Orpha alisema "nisamehe, mama", akalia waziwazi, kamasi na yote. Daktari aliokota miwani iliyokuwa sakafuni, akaitazama na kutikisa kichwa: ilikuwa ya watu wasioona mbali. Akamvalisha Mama Concilie miwani ya kuonea karibu. Mama akachukua sindano na uzi, akautunga kwa jaribio la kwanza. Akacheka peke yake.

"Kesho pitia sare yako kabla ya shule," alimwambia Orpha. "Na mupwa wangu atarudi Kinanira mikono mitupu."

Njiani Masera alisimama.

"Orpha, kiatu ulichovaa unakiitaje?"

"Kiatu hiki."

"Na changu, unaponiambia mimi?"

"Kiatu hicho."

"Na cha mtu aliye kule ng'ambo ya barabara?"

"Kiatu kile." Orpha akashika mdomo. "Masera! *Estas* ni hizi. *Esas* ni hizo. *Aquellas* ni zile!"

"Uliyajua tangu ulipoanza kusema. Daktari alikuambia hizo zilizo mbele yako. Ungeniuliza, ningekueleza kwa dakika moja." Masera alimshika bega. "Zile alama ishirini nazifuta, na Jumamosi utamweleza Annick kwa nini. Kuona haya kwa sababu hujui ni jambo dogo, linapita ukiuliza. Ukilificha kwa uongo, mtu mwingine ndiye anayeumia. Leo karibu Mama Concilie apoteze kazi yake ili wewe uonekane unajua. Siku nyingine usipojua, sema."

"Ndiyo, Masera," alisema Orpha, na safari hii hakuangalia chini.