Aliyemwinua Mtoto wa Hilarus

Kaka yangu Hilarus amelala makaburini, kando ya barabara itokayo mji wa Ostia, na mimi dada yake ndiye ninayempelekea divai na maua siku za wafu. Haya yalimpata yeye. Nayasema kwa sauti ya chini, maana miungu ya nyumbani inasikia.

Tulizaliwa utumwani. Mtumwa hahesabiwi kuwa na baba, kwa hiyo hana babu pia. Hilarus alipoachwa huru alioka mikate, na mikate ikamtajirisha, hata akanunua nyumba ya ukoo wa wakubwa uliofilisika ukaisha. Ukumbini palikuwa na kabati, na ndani yake sura tano za nta. Zilikuwa nyuso za wazee waliokufa wa ukoo ule. Hakuna aliyerudi kuzichukua. Hilarus akaziacha pale pale, na kila sherehe alifungua kabati ili wageni wazione.

Jirani yetu Vettia alimcheka mlangoni. "We Hilarus! Juzi tu unga umejaa masikioni, leo una babu watano?"

"Nimenunua nyumba na vilivyomo, mama," akajibu, naye akicheka.

Mkewe, Trebia, alijifungua mtoto wa kiume asubuhi moja ya jua kali. Walikwisha kuzika wawili, wote kabla ya siku ya kupewa jina. Huyu walimwomba kwa miungu kwa machozi. Desturi yetu, mkunga humlaza mtoto sakafuni na baba humwinua. Asiyeinuliwa hana mtu. Anayemwinua ndiye mwenyewe.

Hilarus alianza kwa kufungua kabati.

"Kaka, funga," nikamnong'oneza. "Hao si wazee wetu."

"Niache, dada. Mwanangu asikose babu kama sisi."

Mkunga Sabidia akamlaza mtoto. Hilarus akainama. Mlango ukagongwa.

Sote tuligeuka. Hilarus akaenda kufungua. Njia ilikuwa tupu, jua linawaka, hata kivuli cha mtu hakikuwapo.

Tuliporudisha macho, mtoto hakuwa pale alipolazwa. Alikuwa upande wa pili wa ukumbi, chini ya kabati. Halii. Anatazama juu.

Hilarus alikimbia akamnyakua. "Wangu! Nimekuinua, mwanangu, nimekuinua!"

Sabidia akamchukua, akamgeuza. Chini ya kwapa zake palikuwa na alama za vidole, huku na huku. Akazikwangua kwa kucha. Nta.

"Umechelewa, bwana," akanong'ona. "Ameshainuliwa."

Mtoto hakunyonya. Matiti ya Trebia yalijaa, yakauma, yakalowesha nguo, na mtoto akageuza uso kuelekea ukumbini. Tulimpa maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Akayatema. Hilarus alifunga kabati akauvaa ufunguo shingoni. Mtoto aligeuka vile vile. Ukimlaza huku, anageukia kule. Kabatini.

Sala zangu zote nilizimaliza. Ndipo Hilarus akawasha tanuri.

"Naziyeyusha," akasema. "Zote."

Akashika sura ya kwanza, akaisogeza motoni. Nta ikaanza kung'aa. Mikononi mwa Trebia, mtoto akapiga yowe. Nilimgusa. Alikuwa wa moto kama mkate uliotoka kuiva.

"Rudisha!" Trebia akalia. "Hilarus, rudisha!"

Akairudisha. Akafunga kabati. Mtoto akanyamaza, akapoa.

Akaendelea kupoa.

Tulimzika chini ya ukingo wa paa, wanapozikwa wachanga, bila jina, kama ndugu zake. Trebia alirudi kwao. Hilarus hakuoka tena. Alikaa ukumbini kutwa, uso kwa uso na kabati, na kabla ya mavuno naye akaenda. Nilimfumba macho mwenyewe, nikaliita jina lake kama wafu waitwavyo. Ufunguo niliuvua shingoni mwake. Tangu siku ya tanuri haukuwa umetoka hapo.

Nikachukua ngano na chumvi, nikafungua kabati niwaombe radhi wenye nyumba.

Sura zilikuwa sita.

Ya sita ilikuwa ndogo, ya kuenea kiganjani. Macho yake yamefumbwa, mashavu yamejaa, yameshiba. Niliigusa. Nta ilikuwa bado laini. Na mdomoni, bichi kabisa, palikuwa na tone la maziwa.