Kalibu la Odile Schnebelen

Kalibu la kuokea keki lilikuwa sakafuni, vipande kumi na saba. Inspekta Huguette Zinck alivihesabu kabla hajamruhusu mtu yeyote kusogea.

Alikuwa amekuja kula, si kufanya kazi. Watu sitini walijazana ukumbini kumtazama Odile Schnebelen akipika kugelhopf, ile keki ya hamira yenye shimo katikati, ili waile papo hapo na mvinyo mtamu wa zabibu zilizochelewa kuvunwa. Kalibu lake la udongo lilijulikana kijiji kizima cha Rebwiller. Bibi yake mzaa mama alikwenda nalo kwa mume, na vita viwili vikubwa vilipita bila kulitia ufa. Huguette alizaliwa nyumba tatu kutoka pale, na kituoni kwake mjini Colmar polisi wenzake walishachoka kusikia akijivunia kalibu hilo.

Meya Lucien Ott, mwenye mvinyo, alikuwa amewapeleka wageni chini kuona mapipa. Robo saa tu. Waliporudi, kalibu lilikuwa vigae, na Odile amesimama kando ya meza, mkono wa kulia mfukoni mwa aproni.

"Mimi nilikuwa nje napunga upepo," alisema. "Nimerudi, nikakuta hivi."

Jikoni alikuwa mtu mmoja tu: Noémie, mke wa mwanawe.

"Usijisumbue, Inspekta," Meya alinong'ona kwa sauti iliyowafikia wote. "Ni huyo Mbretoni, mtu wa kuja kutoka pwani. Miaka sita yuko hapa, na mpaka leo siagi yake ina chumvi! Mtie pingu, tuendelee."

"Chumvi kwenye siagi si kosa la jinai, Meya."

"Kwetu ni kosa."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa na miiba. Huguette alimwona Noémie akiinamisha kichwa, na moyo ukamuuma. Mtu akitoka ukumbini na jina la mvunja kalibu, Rebwiller haikaliki tena.

Alimwita jikoni.

"Ulisikia kitu kikivunjika?"

"Nilisikia."

"Ukatoka kuangalia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Noémie alikunja taulo, akalikunjua. "Sina la kusema, Inspekta."

"Wanakuita mhalifu, dada, nawe huna la kusema?"

"Waniite tu."

Huguette alirudi ukumbini, akachutama juu ya vigae. Aliokota kimoja, akakipitisha puani. Hakikunuka chochote. Alitazama pale kilipokatikia: peupe kama yai, unga mkavu. Akapitisha kidole upande wa ndani, kisha akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi.

Hapo alikumbuka maneno ya Odile mwanzoni mwa onyesho, kifua mbele, sauti ikijaza ukumbi: "Kalibu langu tayari nimelipaka siagi, na kila mfereji una lozi yake. Keki ikigeuzwa, kila kipande kina taji!" Akakumbuka pia alivyokanda unga kwa mkono wa kushoto peke yake, na watu wakampigia makofi wakidhani ni mbwembwe za fundi.

"Mama Odile," alisema, "tuingie jikoni, sisi watatu."

Juu ya rafu kulikuwa na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Huguette alifunua. Lozi zilikuwa humo, zimelowekwa katika pombe ya cheri, nono na safi.

"Lozi hizi ni za nini?"

"Za keki," Odile alijibu.

"Si ulisema ziko ndani ya kalibu?"

Odile alilifunika bakuli tena kwa sahani.

"Adui akivunja kalibu, haanzi kwa kuokota lozi. Wala hafuti siagi. Kalibu lile lilikuwa kavu, mama. Mpishi wa huku anaweza kuvunja chombo, lakini hawezi kumwaga siagi na lozi njema sakafuni. Aliyelivunja alijua litavunjika, na roho ikakataa kupoteza chakula. Hata wewe ungekuwa mimi, ungemshuku nani?"

Odile alinyanyua kidevu. "Unamhoji mtu aliyekupa keki yako ya ubatizo, Huguette?"

"Ndiyo. Na ndiyo maana najua harufu ya kalibu la kweli. Hili ni jipya. Lile la bibi yako liko wapi?"

Noémie ndiye aliyesogea. Alifungua kabati la chini, akatoa boksi la viatu. Ndani mlikuwa na vigae vingine, vyeusi hadi katikati kwa siagi ya zaidi ya miaka mia. Jiko zima lilinukia.

"Nilivikuta Januari kwenye debe la majivu," alisema.

"Na hukusema?" Huguette aliuliza.

"Siri ya mtungi aijuaye ni kata, Inspekta. Mimi nimeolewa humo. Aibu ya nyumba ninayokaa niitangaze kwa Meya?"

Odile alimgeukia mkamwana wake. Kisha akatoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka mezani. Ulitetemeka mpaka kijiko kilichokuwa karibu kikalia.

"Liliniponyoka," alisema. "Miaka arobaini sijawahi kuangusha hata kikombe. Nikanunua jipya linalofanana, lakini jipya hung'ang'ania keki. Wangeona imekatika, wangeuliza lile la zamani liko wapi, wangeujua huu mkono. Nikaona afadhali waomboleze kalibu kuliko kunionea huruma. Huruma siitaki, Huguette! Na nilidhani watamlaumu paka. Sikudhani watamgeukia huyu."

"Lakini walipomgeukia ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na ni kubwa kuliko kalibu."

Huguette alifunga daftari lake. Mtu akivunja kalibu lake mwenyewe, polisi hana kesi. Ila deni lilikuwepo, na Odile hakuhitaji kuelekezwa pa kulilipa. Alirudi ukumbini kifua mbele kama mwanzoni, akainua mkono ule unaotetemeka ili hata wa nyuma wauone.

"Kalibu nimelivunja mimi," alisema. "Lile la bibi nalo ni mimi. Mkono ndio huu, tazameni mshibe. Keki itakuja, mtasubiri."

Noémie alipaka siagi kalibu lake la bati, akapanga lozi. Odile alisimama nyuma yake akitazama kila kidole, na hakupata la kusahihisha.

Saa mbili baadaye keki iligeuzwa mbele ya watu sitini. Ilitoka nzima, rangi ya asali, kila mfereji na lozi yake. Huguette ndiye aliyeanza kupiga makofi, na hakuona haya macho yake yalipolowa.

Meya alikuwa wa kwanza kuomba kipande cha pili. Alinyanyua glasi, akakohoa kidogo.

"Sasa hii tuitangazeje? Tuseme ni keki ya nani?"

"Ya nyumba ya Schnebelen," Odile alisema. "Kwani huyu ameolewa wapi?"