Kamera Isiyojua Rangi

"Dada, hebu sogea! Unaniharibia picha!"

Adila aligeuka taratibu, kikapu cha vibua mkononi. Soko la samaki la Bagamoyo asubuhi lina kelele za kutosha, madalali wananadi na makarai ya mafuta yanapiga moshi, lakini sauti ile ilimkera kuliko zote.

"Soko la baba yako hili?"

"La. Ila minazi ile pale nyuma yako nimeingojea jua tangu alfajiri."

"Basi endelea kungoja. Mimi nachagua samaki."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na hapo ndipo alipoponzeka. Jina lake Farhan, mpiga picha za mandhari kutoka Kerege, mrefu, shati la kitani limekunjwa mikono. Adila alikuwa fundi wa kushona mabaibui, na siku hiyo alivaa alilojishonea mwenyewe, jeusi ti, limemkaa kama lilivyotakiwa kumkaa. Pindo za mikono alizitia nakshi ya uzi aliyoidarizi kwa subira kubwa. Iwekeni akilini nakshi hiyo, maana Farhan hakuiona.

"Njoo uone ulivyoniharibia," alisema, akamgeuzia kioo cha kamera.

Minazi ilikuwa myeupe kama imemwagiwa unga. Anga jeusi. Na katikati yake Adila, amevaa baibui jeupe!

"Yallah! Mbona nimekuwa hivi?"

"Ni kamera ya infraredi. Fundi aliifungua akatoa kichujio cha ndani, sasa inanasa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Majani mabichi yanatoka meupe, maji yanatoka meusi. Hata vitambaa vyeusi, vingi vinatoka vyeupe."

"Sasa kamera isiyojua rangi ya kazi gani?"

"Ya kukuona wewe."

"Mwongo mkubwa wee!" alisema Adila. Lakini namba ya simu alimpa.

Mapenzi yao yakalelewa na simu.

"Umekula, laazizi?"

"Bado. Nangoja wingu lipite."

"Wewe na mawingu! Hivi nitaolewa na wewe au na anga?"

"Na mimi. Anga litakuja kula pilau."

"Haya, niambie basi. Nakshi ya baibui langu ni ya rangi gani?"

"Nyeupe?"

"Farhan!"

"Basi nyekundu."

"Hujui! Miezi yote hii hujanitazama, unatazama kioo chako tu." Alicheka, ila alipokata simu moyo ulikuwa umemwuma kidogo.

Posa ilipelekwa, ikapokelewa. Mama yake Adila, Bi Hajra, alikuwa mjane mcheshi mwenye ugomvi na jambo moja tu, kupigwa picha. Harusini simu zikiinuliwa, yeye hujifunika uso na mtandio. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, nayo ilimfanya aonekane kama mtuhumiwa.

Siku moja Farhan alikuwa akipiga picha mikoko ya Kaole, Bi Hajra na jirani yake wakapita mbele ya kamera bila kujua. Jioni akaenda kumwonyesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Lete nione." Akatazama. Baibui jeupe pe, ngozi kama nta, macho mashimo mawili meusi. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Loh! Umenivika sanda ningali hai!"

Bilali, kaka yake Adila, hakucheka. Alinyanyuka akatoka nje.

"Sasa nipige moja ya kweli," alisema Bi Hajra, akawashangaza wote. "Yenye rangi. Na khanga yangu mpya ya harusi yenu. Wajukuu waje wanijue."

"Mpige kwa simu, Farhan," Adila alimnong'oneza. "Sasa hivi, kabla hajageuza nia."

"Kwa simu? Mama mkwe wangu nimpige kwa simu kama watu wanavyopiga sahani ya chipsi? Thubutu! Nitaazima kamera nzuri Dar, nije na taa zake."

"Inshallah, mwanangu," alisema Bi Hajra. "Mimi nipo."

Ah, Farhan! Mvua zilikuwa zimenyesha, majani ya mikoko yamekomaa, na kwa kamera yake hakuna majira matamu kama hayo. Kila siku akawa Kaole. Kila alasiri Bi Hajra alioga, akavaa khanga yake, akakaa barazani.

"Mama amevaa tena," Adila alimwambia kwa simu.

"Mwambie kesho, laazizi. Leo majani yanang'aa ajabu."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Kesho, haki ya Mungu."

Presha ilimwangusha Bi Hajra wakati akitia udhu. Hakuamka.

Msibani Bilali alimzuia Farhan mlangoni, macho yamemvimba. "Ulimvika sanda mapema. Umeridhika sasa?"

Adila akaacha kupokea simu. Farhan hakulala, hakula. Alijiambia kwamba amedhaniwa mchawi, na kwamba akipata nafasi ya kueleza habari za mwanga kila kitu kitarudi mahali pake. Akapiga picha suruali yake nyeusi, ikatoka nyeupe. Akapiga mwavuli mweusi, nao ukatoka mweupe. Ushahidi huo akauhifadhi kwenye simu.

Ndipo ujumbe ukaingia: "Kesho asubuhi, pale sokoni. Njoo na simu tu."

Alimkuta amesimama penye makarai yale yale. Amekonda, wanja hana.

"Adila, haikuwa sanda! Tazama suruali yangu hii, tazama mwavuli, ni mwanga tu..."

"Najua."

"Bilali anasema..."

"Bilali ana msiba, mwache. Mimi nashona mabaibui, Farhan. Ulinieleza siku ya kwanza, nikakuelewa."

"Sasa nimekosa nini?"

"Ulikuwa na simu mfukoni."

Farhan aliirudisha simu mfukoni.

"Khanga ile hata jikoni hakuingia nayo, isije ikanuka moshi," alisema Adila, machozi yakimtoka bila kuyafuta. "Ndiyo tuliyoitandika juu ya jeneza."

"Nisamehe, mpenzi. Nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe, wallahi. Lakini kila nikikuona namwona mama barazani, anajipangusa jasho, anauliza kama mkwe leo atakuja. Nitaishije na hilo?"

"Tutaoana. Mungu atatupa mtoto wa kike, tumwite Hajra..."

"Akiniuliza bibi yake alikuwaje, nimwonyeshe ile picha ya Kaole?"

Farhan alilia mbele ya wachuuzi wa samaki, naye hakujali nani anamwona.

"Toa simu," alisema Adila. "Nipige."

"Adila..."

"Nipige, nimesema. Hapa hapa."

Akashika kikapu kwa mikono miwili, akamtazama usoni. Farhan alibonyeza.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Basi wewe angalau utabaki na yangu. Kwaheri, Farhan."

Akapita katikati ya watu. Farhan alibaki ameinamia simu. Mle ndani baibui lilikuwa jeusi na macho yalikuwa mekundu. Pindo za mikono, juu ya mshikio wa kikapu, zilikuwa na maua madogo madogo yaliyodariziwa moja moja.

"Zambarau!" alipiga kelele, akaanza kukimbia. "Adila! Ni zambarau!"

Wachuuzi waligeuka, mmoja akacheka akidhani kijana amerukwa na akili. Adila alikuwa ameshaingia kwenye bajaji. Alimsikia vizuri sana. Alivuta pindo za mikono yake zikamfunika vidole, akamwambia dereva twende.