Sekunde Nne za Fulana ya Umeme

Simu iliita mara mbili, ikakatika, ikaita tena.

Kobe alikuwa chali kwenye benchi la jimu, kilo sabini juu ya kifua, akishusha chuma taratibu kama kawaida yake. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kocha alimkaririsha hivyo tangu akiwa binti mdogo: kazi iko kwenye kushusha. Wenzake walichoka kusubiri zamu, wakampachika jina la Kobe, na Idara ya Usalama nayo ikalichukua jinsi lilivyo.

Alikuwa amebakiza mara moja tu amalize. Akaegesha chuma, akapokea.

"Mgonjwa wa kitanda cha tatu amehama," sauti ya Mkuu wa Idara ikasema.

Simu ikakatika.

Alijua maana yake: Mlinzi nambari tatu amekufa.

Miezi miwili nyuma, Mtaalamu mmoja wa kigeni alikuja na jaribio lake kwenye maabara ya magonjwa. Walinzi kumi na wawili. Sita wanyanyue vyuma, sita wavae fulana inayopitisha umeme kwenye misuli, dakika ishirini tu, aone nani atapata nguvu zaidi. Baada ya wiki nane wakapimwa. Karibu sawa! Walinzi wa fulana wakafurahi, wakapewa za betri wazivae hata kazini, chini ya sare.

Ndipo nambari tatu alipoanza kukojoa mkojo mweusi kama kahawa. Misuli ilikuwa imeharibika mpaka ikaziua figo zake.

Nambari tano alikuwa mdogo wake Kobe, baba mmoja, mama mmoja.

"Dada, wewe unatoka jasho saa nzima, mimi dakika ishirini nimemaliza," alimtania juzi. "Sasa mjanja nani?"

Ndani ya Land Cruiser, redio ya Mkuu ilikuwa tayari inakoroma.

"Kobe. Saa nne asubuhi sanduku la vimelea linatoka maabara. Mtaalamu na watu wake wanalitaka."

"Wavueni walinzi zile fulana."

"Wana mtu wao humo ndani, hatumjui. Tukigusa fulana tu, anamwambia Mtaalamu, naye anabonyeza umeme. Tableti anayoziendeshea iko kwenye studio yake ya mazoezi, ng'ambo ya barabara ya maabara. Ingia kama mteja, uichukue."

"Mdogo wangu yuko zamu."

Kobe aliwasha gari.

"Najua, binti yangu. Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Saa tatu na dakika arobaini.

Studio ilikuwa nyeupe, safi, na kimya cha chumba cha maiti. Mhudumu alimpulizia fulana maji ndani kote, maana umeme haupiti vizuri pakavu, akamfunga mikanda kiunoni, kifuani, mikononi na mapajani. Nguo ilimbana hata sindano isingefichika. Bastola yake ya Glock ilikuwa imebaki garini, chini ya kiti.

Waya mmoja mnene ulitoka kifuani ukaingia kwenye mashine. Mhudumu akatoka. Mlango ukafungwa kwa nje.

Mtaalamu aliingia kwa mlango wa pili, tableti mkononi. Alikuwa na mikono minene, na tabasamu la mtu asiye na haraka.

"Namba tano ana macho kama yako," alisema. "Mtu na dadake, siyo?"

Akagusa kioo.

Umeme ukamkamata. Mapaja yakawa mawe, tumbo likajikunja, mikono ikajipinda kifuani bila kumwomba ruhusa. Alitaka kupiga kelele, taya zikagoma. Kisha ukaachia.

Ukarudi.

"Usihangaike, dada. Matokeo yangu hayakuwa ya uongo. Nguvu zililingana kabisa. Ila za kwako unaziamuru wewe. Zao naziamuru mimi."

Kobe alikuwa anahesabu.

Moja, mbili, tatu, nne: umekaza. Moja, mbili, tatu, nne: umeachia. Mtaalamu kwa mazoea yake ya kila siku alikuwa amemfungulia programu ya wateja, yenye mapumziko. Hesabu ile Kobe aliijua kuliko jina lake.

Dirishani, lango la maabara likafunguka. Saa nne kamili. Walinzi watano walitoka, mdogo wake akiwa katikati, amekumbatia lile sanduku la vimelea, la rangi ya fedha.

"Hawa sijawawekea mapumziko," Mtaalamu alisema. Akabonyeza.

Wote watano walianguka kwa pamoja.

Mdogo wake alikuwa ubavuni juu ya lami, mikono imekaza sanduku, macho wazi kabisa. Anaona. Anasikia. Hawezi hata kupepesa kope. Na kila sekunde misuli yake inazidi kuharibika.

Gari la wagonjwa lilikata kona. Wakashuka wanaume wawili wenye makoti meupe, wakaanza kumbandua vidole kwenye sanduku.

Umeme wa Kobe ukaachia.

Kobe alifanya kitu kimoja tu. Aliuzungusha ule waya kwenye viganja vyake mara mbili, akatulia.

Umeme ukarudi. Mikono ikajikunja yenyewe kwa nguvu zote za mashine, na waya ukang'oka mzima.

Mashine ikazimika.

Mtaalamu aliikimbilia droo ya meza. Makarov ilitoka nusu. Kobe aliifunga droo kwa goti, bastola ikabaki ndani, vidole navyo. Jamaa akapiga yowe. Tableti ikadondoka, ikajifunga, kioo kikadai dole gumba la mwenyewe.

Kobe akamdaka mkono uliobaki mzima. Wakakabana.

Hakudanganya yule. Alikuwa na nguvu sawasawa na zake, hazipungui hata robo kilo. Mkono ukasimama hewani, unatetemeka, haupandi wala haushuki. Ila jasho lilianza kumtoka Mtaalamu, maana dakika ishirini za fulana ndizo zote alizozoea kuvumilia. Kobe yeye alikuwa na saa nzima.

"Taratibu," alimwambia.

Akaushusha kuelekea kioo.

Moja. Mbili. Tatu.

Nne.

Kioo kikakubali. Akagusa neno ZIMA.

Barabarani, walinzi watano walilegea. Watu wa Idara walichomoka kwenye duka la simu na kwenye gari la takataka. Makoti meupe yakalala kifudifudi. Sanduku lilikuwa bado kifuani kwa mdogo wake.

Robo saa baadaye Kobe alisimama nje ya choo cha maabara, ameegemea ukuta.

"Rangi gani?" aliuliza.

Ndani, mdogo wake alifungua bomba.

"Nakuuliza, rangi gani?"

"Njano, dada. Acha kuniaibisha, watu wanasikia."

Kobe alifumba macho. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ya nambari tatu nayo ilikuwa njano siku ya kwanza," alisema. "Daktari anakungoja kwenye gari. Utakunywa maji mpaka uchoke. Kesho nitakuuliza tena. Na kesho kutwa."

"Na mtondo?"

"Mtondo tutakwenda wote kupiga chuma."

Akavaa miwani, akavuka barabara bila kugeuka, akarudi jimu. Alikuwa amebakiza mara moja.