Gololi ya Sitini na Nne

Likizo ya Juni ilipoanza, Faudhia hakujua aiweke wapi miguu yake. Kaka yake Omary alikuwa amekwenda Mlandizi kwa shangazi, baba yao alikuwa zamu ya mchana katika kiwanda kimoja cha Zegereni, na mama, Bi Zuleha, alikataa katakata kumwacha peke yake nyumbani. Basi kila asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, Faudhia alifuatana na mama yake kazini, kwenye kituo cha wazee huko Mkuza.

Kilikuwa nyumba ndefu yenye baraza pana, na wazee kumi na wawili. Bi Zuleha alikuwa mmoja wa wahudumu wao: akiwaogesha, akiwafulia, akiwasaidia kula. Faudhia aliwasalimia, "Shikamooni," nao wakaitikia, "Marahaba." Baada ya hapo, kimya. Televisheni ilizungumza peke yake. Bi Mwanajuma aliinuka kila baada ya dakika chache, akaenda getini kuuliza kama gari la Kisarawe limepita, akarudi, akainuka tena. Mzee Mwinyimadi, ambaye zamani alilima huko Msimbu, alitafuna kifungo cha shati lake. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umempokonya hata majina ya wanawe.

Siku ya tatu Faudhia alishindwa kuvumilia.

"Mama, hawa wamechoka kukaa."

"Wao, au wewe?" aliuliza Bi Zuleha, huku akikamua shuka.

"Wote."

Mchana ule alijaza mchanga katika chupa sita za maji, akazipanga barazani. Alifunga soksi kuukuu zikawa mpira. Bi Mwanajuma, akiwa njiani kuelekea getini, alishikwa mkono na kupewa mpira ule. Aliutazama, akautupa bila hata kulenga. Chupa nne zikaanguka.

"Zisimamishe," alisema Bi Mwanajuma. "Hizo mbili zilizobaki zinanidharau."

Baraza zima likacheka. Faudhia hakuwahi kuwasikia wakicheka.

Kesho yake alikuja na jambo jingine. Alikata trei mbili za mayai, akaziunganisha kwa gundi mpaka akapata mashimo thelathini na mawili, safu nne za mashimo manane. Lilikuwa bao. Kete alizipata ndani ya kopo la Omary: gololi sitini na nne, za kila rangi.

Nesi Rukaya, msimamizi wa kituo, aliligeuza bao lile mikononi, akatabasamu. Kisha akachukua gololi moja, akaishika kwenye mwanga.

"Hizi ni ndogo, Faudhia. Mzee Mwinyimadi hupeleka mdomoni kila anachoshika. Mtu wa umri wake anaweza kupaliwa akafa tukimtazama." Alifikiri kidogo. "Haya, mchezeni, lakini kwa sharti. Usiondoke upande wake. Na ukimaliza, unahesabu zote, kisha unakuja kuniambia."

"Sawa, Nesi."

Mzee Mwinyimadi alipowekewa bao, mikono yake ilikumbuka yale ambayo kichwa kilisahau. Aliokota gololi, akazigawa shimo kwa shimo, upesi kuliko macho ya Faudhia. Siku tatu mfululizo alimfunga. Mara nyingine alisahau zamu ni ya nani, akaanza kukasirika, lakini Faudhia alipomwambia, "Zamu yako, Babu," hasira ilimtoka usoni.

Ijumaa saa kumi jioni, Bi Zuleha aliita kutoka getini, "Faudhia! Bodaboda anasubiri!" Yasmin, rafiki yake, alikuwa ameahidi kuja kwao kuruka kamba. Faudhia alizoa gololi haraka haraka, akahesabu. Sitini na tatu. Akahesabu tena. Sitini na tatu. Akatazama chini ya kiti, chini ya mkeka. Hapakuwa na kitu.

"Zimetimia?" Nesi Rukaya aliuliza kutoka dirishani.

"Zimetimia," alisema Faudhia. "Sitini na nne."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi kabisa. Uzito wake aliuona akiwa juu ya pikipiki. Labda imeviringika barazani, alijiambia. Labda Omary aliipoteza zamani. Lakini asubuhi alikuwa amezihesabu, zikatimia.

Nyumbani, Yasmin alifika na kamba. Faudhia aliruka mara tatu, akajikwaa. Akaruka tena, akajikwaa.

"Leo una nini wewe?" Yasmin aliuliza.

"Sina kitu."

Aliingia ndani, akanywa maji. Akatoka. Akaingia tena, akafungua mfuko aliobebea gololi kutoka kituoni na kuzihesabu juu ya kitanda. Alikumbuka kwamba Babu hakumjibu alipomuaga. Siku nyingine alimpungia mkono na kusema, "Nenda salama, binti." Leo alikuwa amefumba mdomo tu. Akazirudisha gololi mfukoni, akatoka nazo mbio.

Bi Zuleha alikuwa akichambua mchicha uwanjani.

"Mama," alisema Faudhia.

"Nini?"

"Nilimdanganya Nesi. Gololi moja haipo."

Mchicha ulimwagika. Bi Zuleha hakufoka wala hakuuliza mara mbili. Alipiga simu kituoni, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ulikuwa wakati wa kuandaa chakula cha jioni, hakuna aliyekuwa karibu na simu.

"Vaa viatu," alisema.

Njiani Faudhia aliona kila gari linawachelewesha. Walipofika, wazee walikuwa wameketi mezani. Mhudumu mmoja alikuwa ameshachota kijiko cha uji, akikipeleka kwa Mzee Mwinyimadi.

"Asile!" alipiga kelele Faudhia. "Tafadhali, asile!"

Kijiko kilisimama hewani. Nesi Rukaya alikuja mbio kutoka jikoni. Faudhia akamwambia yote kwa pumzi moja. Shavu la kushoto la mzee lilikuwa limetuna kidogo.

"Mzee wangu, fungua mdomo nione," alisema Nesi, taratibu.

Mzee Mwinyimadi alikaza midomo, akageuza uso. Yule mhudumu aliinua kidole kama anayetaka kukiingiza.

"Usimtie kidole!" Nesi alimzuia. "Utaisukuma iingie kooni. Akishtuka tu, imekwenda."

Faudhia alikimbilia kabatini, akatoa bao la trei, akaliweka mbele ya mzee na kupanga gololi alizorudi nazo. Shimo moja upande wa mzee aliliacha tupu.

"Babu, zamu yako. Lakini hapa kete imepungua. Kete yako iko wapi?"

Mzee alitazama bao. Akatazama shimo tupu. Hata Bi Mwanajuma alikuwa amesimama mlangoni bila kusogea. Polepole mzee aliinamisha kichwa, akaweka kiganja chini ya kidevu, na gololi ya buluu ikaanguka juu yake, ikiwa imelowa mate. Akaifuta kwenye shati, akaitia shimoni.

Bi Zuleha alikaa kwenye sakafu palepale aliposimama. Faudhia alilia.

Nesi Rukaya hakumbembeleza upesi. Alimwangalia mzee koo na kifua kwanza, akahakikisha anapumua vizuri, ndipo akamgeukia Faudhia. "Na mimi nina kosa. Nilijua ni ndogo, nikaruhusu. Nitaliandika kosa langu kwenye taarifa. La kwako utalisema mwenyewe. Kesho Twalibu, mwana wa mzee, anakuja kutoka Kisarawe."

Asubuhi ya Jumamosi Faudhia hakula. Kituoni, wazee walikuwa mezani wakishona vifuko vya vitenge viwe kete mpya, wakivijaza mchele mpaka kila kimoja kikawa kikubwa kama chungwa, na mashimo ya bao jipya yalichorwa kwa kalamu nene juu ya shuka kuukuu. Bi Mwanajuma alishona vinane kabla hajaenda tena getini. Faudhia alikata vitambaa, lakini kila mlango ulipolia alisimama.

Twalibu alikuwa mwanamume mrefu, mwenye vumbi la safari miguuni na kiroba cha mihogo begani. Faudhia alimwamkia, kisha akamweleza, tangu gololi ya kwanza hadi ya mwisho. Hakumtaja Yasmin wala bodaboda aliyekuwa akisubiri.

Uso wa Twalibu ulikunjamana, na Faudhia akadhani atapigiwa kelele.

"Ungekaa na uongo wako mpaka aanze kula," alisema hatimaye, "leo ningekuja kumzika baba."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize." Aliinama, macho yao yakakutana. "Baba yangu hawezi tena kusema nini kinamuuma, wala kuomba msaada. Mimi niko shamba, simwoni. Ninachokijua juu yake ni kile mnachoniambia ninyi. Anayemtunza mtu asiyeweza kujisemea amebeba na ulimi wake. Kwa hiyo kitu kikipungua, sema kimepungua. Kikivunjika, sema kimevunjika. Utagombezwa, naam, na utaona aibu. Aibu itapita, lakini mtu akishakufa harudi."

"Nimeelewa," alisema Faudhia.

Twalibu alitua kiroba chake, akavuta kiti mbele ya ile shuka yenye duara za wino, akamuuliza baba yake kama anaweza kucheza naye. Mzee Mwinyimadi hakujua ni nani aliyeketi mbele yake. Alimsogezea vifuko vya kitenge, akamwonyesha pa kuanzia.